Mistari Mitatu Tuliyoifuta: Maelezo ya Kamati ya Fedha na Ujenzi kuhusu Paa la Bwalo



 Kwa kawaida Kamati ya Fedha na Ujenzi husimama hapa kusoma mapato na matumizi. Hesabu za mwaka huu zimechapishwa kwenye kurasa za nyuma za kijitabu hiki pamoja na taarifa ya wakaguzi, kila mmoja atazisoma kwa nafasi yake. Tumemwomba Mwenyekiti tutumie dakika zetu kuzungumzia mistari mitatu ambayo hamtaiona kwenye hesabu hizo. Hamtaiona kwa sababu tuliifuta sisi wenyewe.

Mnalikumbuka bwalo la shule yetu ya sekondari, tulilolichangia hapa hapa, ambalo pia litakuwa ukumbi wa mitihani. Lina urefu wa mita 24 na upana wa mita 9. Kuta ni za tofali za kuchoma, na leo zimefika kwenye linta na mkanda wa zege umeshamwagwa. Mbao za kenchi zimepangwa chini ya turubai zikisubiri kupaa. Kwa hiyo tunayoyasema leo bado yanarekebishika. Bati likishapigwa, gharama itakuwa nyingine kabisa.

Makadirio ya kwanza yaliletwa na mhandisi wetu, binti wa nyumbani, ambaye hakututoza hata senti. Mkutano ulikuwa umeahidi wazazi kwamba paa litaonekana kabla ya Krismasi, na fedha za harambee hazikutosha. Tukakaa jioni moja Dar es Salaam, tukachukua kalamu nyekundu. Marumaru za sakafuni tuliziacha, kwa kuwa zilikuwa zimeshaahidiwa na wafadhili. Rangi tuliiacha. Tukafuta boliti za kufungia mbao ya juu ya ukuta kwenye mkanda wa zege, tukafuta mikanda ya chuma ya kufungia kenchi, na tukafuta dari ya plaiwudi, tukaandika pembeni: "itafuata awamu ya pili." Mistari hiyo mitatu kwa jumla ilikuwa na thamani ndogo kuliko zile marumaru.

Kisha tukafanya jambo la pili. Baadhi yetu waliona mlango wa bwalo uliochorwa ubavuni haupendezi kwa mgeni rasmi. Tukamwagiza fundi ahamishie mlango mkubwa kwenye ukuta wa mbele, ule mfupi wa mita 9, na aweke dirisha pana kila upande wa mlango. Mhandisi hatukumwambia.

Alipokwenda kukagua linta alirudi na picha kwenye simu na boksi la viatu chini ya kwapa. Hakufoka. Alituita kaka zangu, kama anavyotuita siku zote, akaliweka boksi mezani bila kifuniko chake, akasukuma ubavu wake kwa kidole. Boksi likapinda, pembe zake zikaacha kuwa pembe. Akaweka kifuniko juu, bila kukibana, akasukuma tena. Likapinda vilevile, kifuniko kikateleza. Halafu akachukua gundi ya karatasi, akagundisha kifuniko pande zote nne, akatuambia tunywe chai kwanza ikauke. Baada ya chai akasukuma. Boksi likasogea lote mezani likiwa na umbo lake.

"Bwalo letu," akasema, "ni boksi la pili."

Ndugu zetu, hapa hakuna asiyekumbuka Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Saa 9 na dakika 27 alasiri ardhi ya Kagera ilitikisika kwa kipimo cha 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa, wanafunzi wakatawanywa shule nyingine. Sisi tuliokuwa mjini tulipiga simu hadi usiku, tukiuliza jina moja baada ya jingine. Tangu siku ile kila mtu amekuwa akisema "tujenge imara". Sisi tulipolisema tulikuwa tunafikiria saruji zaidi na nondo nene zaidi. Kumbe hatukuwa tumeuliza tetemeko linaiangusha nyumba kwa njia gani.

Tumejifunza, na tutaeleza kama tulivyoelewa sisi wahasibu.

Upepo husukuma nyumba kutoka nje. Tetemeko halifanyi hivyo. Ardhi ndiyo inayohama ghafla, na nyumba, kwa sababu ya uzito wake, inachelewa kuifuata. Nguvu inayoipata nyumba inatokana na uzito huo mara mchapuko wa mtikisiko, yaani jinsi kasi ya ardhi inavyobadilika ghafla. Ni kama kodi inayotozwa kwa kilo: mwenye nyumba nzito hulipa zaidi. Nyumba ya msonge ya bibi zetu ilikuwa nguzo, fito, kamba na nyasi. Ilitozwa kidogo. Sisi tumehamia kwenye tofali na hakuna anayetaka kurudi nyuma, ila tumeongeza uzito na kupunguza mafundo.

Jambo la pili ni kwamba ukuta una nguvu upande mmoja tu. Ukisukuma ukuta kwa kufuata urefu wake, ni mgumu sana. Ukiusukuma usoni, ni mwepesi kuanguka, kama kitabu kilichosimamishwa mezani. Ukuta wetu wa ubavuni ni kitabu cha mita 24. Tetemeko likija kutoka ubavuni, tofali zote hizo zinataka kuanguka nje, na pale katikati hakuna cha kuzishika isipokuwa paa. Paa lazima lizishike kichwani, libebe ile nguvu, liipeleke hadi kwenye kuta fupi za mbele na nyuma, ambazo kwa wakati huo zinasukumwa kwa kufuata urefu wao. Kuta hizo fupi ndizo zinazoishusha nguvu hadi kwenye msingi.

Wahandisi wana majina yao. Paa au dari inayofanya kazi hiyo wanaiita kiwambo, na tunalipenda neno hilo kwa sababu kila aliyewahi kuwamba ngoma anajua kwamba ngozi iliyolegea haitoi kitu. Ule ukuta unaopokea nguvu tutauita ukuta wa kukaza. Kiwambo bila ukuta wa kukaza hakina pa kuupeleka mzigo. Ukuta wa kukaza bila kiwambo haupokei kitu, unasimama peke yake huku wenzake wakianguka.

Sasa tazameni tulichofanya. Kwa kufuta dari ya plaiwudi tuliondoa kiwambo. Kwa kufuta boliti na mikanda ya chuma tuliondoa gundi. Na kwa kuhamishia mlango mbele tulitoboa ukuta wa kukaza. Mlango wa mita 3 na madirisha mawili ya mita moja na nusu kila moja ni mita 6 za uwazi. Zimebaki mita 3 za tofali, nazo zimegawanyika vipande vinne vya sentimita 75 kila kimoja, vyenye urefu wa mita tatu na nusu kwenda juu. Huo si ukuta tena, ni nguzo nne nyembamba. Mhandisi alitueleza kwamba kanuni za Marekani za kuta za mbao zilizopigwa plaiwudi hazikihesabu kabisa kipande ambacho kimo chake kinazidi upana wake zaidi ya mara tatu na nusu. Vya kwetu vinazidi zaidi ya mara nne na nusu. Tofali si mbao, na hesabu zake ni nyingine, lakini alitaka tuone tumefika wapi.

Mmoja wetu akauliza kwa nini tusome habari za Wamarekani, ambao nyumba zao karibu zote za kuishi ni za mbao. Alijibu kwamba ni kwa sababu hiyo hiyo. Walishalipia funzo hili, na paa letu nalo ni la mbao.

Tarehe 17 Januari 1994, kabla ya mapambazuko, tetemeko la kipimo cha 6.7 lilipiga Northridge, ndani ya jiji la Los Angeles. Palikuwa na jengo la ghorofa tatu la mbao lililoitwa Northridge Meadows. Chini palikuwa na maegesho ya magari, na penye maegesho ukuta ni mchache, kwa sababu gari linahitaji uwazi wa kupita. Ghorofa za juu zilishuka juu ya ile ya chini. Watu 16 walikufa humo. Mbao zenyewe hazikuwa na kosa. Kilichokosekana ni ukuta wa kukaza pale chini, mahali ambapo mtu alitaka nafasi. Tulipoisoma habari hiyo tulifikiria mlango wetu wa mgeni rasmi, na hatukuwa na la kusema.

Mwaka mmoja baadaye, siku ile ile ya tarehe 17 Januari, ikawa zamu ya Kobe, Japani. Waliokufa walizidi 6,000, wengi wao wakiwa wamefunikwa na nyumba za zamani za mbao zenye vigae vizito juu na kuta chache za kukaza chini. Mzigo mkubwa kichwani, miguu dhaifu. Los Angeles, mwaka 2015, ilipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye majengo ya mbao yenye ghorofa dhaifu ya chini wayaimarishe. Ilipita miaka 21 tangu Northridge. Tunalitaja hili kwa sababu miaka inavyopita tangu 2016 na sisi tumeanza kusahau.

Upande mwingine wa hesabu ni huu. Mwezi Julai 2009, mjini Miki nchini Japani, watafiti wa Marekani na Japani walijenga jengo halisi juu ya meza kubwa ya kutikisia majengo: ghorofa sita za mbao juu ya ghorofa moja ya chuma. Walilitikisa kwa nguvu ya tetemeko kubwa la California. Lilibaki limesimama, na uharibifu wake ulikuwa mdogo. Mbao zile zile, misumari ile ile, ila kila kiungo kilikuwa kimehesabiwa na kufungwa.

Tunaomba tukae kidogo kwenye misumari, maana hapo ndipo tulipopata somo kubwa, na fedha tunazoomba leo ni za misumari zaidi ya kitu kingine.

Fundi wa kwetu akipiga dari hupiga msumari kila pembe ya ubao na mmoja au miwili katikati, basi, usianguke. Kwa dari ya kufunika tu, inatosha. Kwa dari ambayo ni kiwambo, msumari ndio unaopitisha nguvu kutoka ubao mmoja kwenda mbao za chini yake na kutoka hapo kwenda ubao unaofuata. Mchoro wa mhandisi unataka msumari kila milimita 150 kuzunguka ukingo wa kila ubao, na kila milimita 300 katikati. Ubao mmoja una mzunguko wa mita 7 na kidogo, kwa hiyo ukingoni peke yake ni misumari karibu 50. Dari nzima itachukua mbao 80 hivi za plaiwudi ya milimita 12, ukihesabu na zitakazokatwa. Fanyeni hesabu wenyewe: karibu misumari 4,000 ukingoni, kabla ya ile ya katikati.

Kuna na jambo dogo ambalo sisi tungelipuuza. Msumari usipigwe ukazama ndani ya plaiwudi. Kichwa kikipasua tabaka la juu, msumari unabaki umeshika unene mdogo, na nguvu yake inapungua ijapokuwa kwa macho unaonekana umeingia vizuri. Tena msumari uliopigwa sawasawa hupinda wakati wa mtikisiko, unarudi, unapinda tena, na katika kupinda huko unakula ile nguvu. Ndiyo maana nyumba ya mbao iliyopigiliwa vizuri hulia sana wakati wa tetemeko bila kuanguka.

Baada ya dari ni mikanda. Kenchi zetu zitakaa kila mita 1.2, kwa hiyo ziko 21. Kila kenchi ina miguu miwili, na kila mguu unataka mikanda miwili ya chuma ya kuufunga kwenye mbao iliyo juu ya ukuta. Ni mikanda 84. Hiyo mbao nayo ifungwe na boliti kwenye mkanda wa zege, pande zote nne, kuta fupi zikiwemo. Hapa wengi hukosea, kwa sababu kenchi hazikalii kuta fupi na fundi haoni haja ya kufunga kitu huko. Lakini kuta fupi ndizo zinazopokea mzigo. Tukikumbuka boksi, gundi ilipakwa pande nne.

Vipo viwili ambavyo havitugharimu sana. Stoo iliyo nyuma ya bwalo ina ukuta ulioachwa nusu, na tulipanga uishie hapo hapo. Mhandisi anataka upande hadi kwenye mkanda wa zege na ufungwe na dari. Ukifanya hivyo, urefu ambao kiwambo kinauvuka bila msaada unashuka kutoka mita 24 hadi mita 20. Tulidhani faida yake ni ile sita moja tu iliyopungua. Akatuonyesha kwamba mvutano kwenye mkanda wa ukingoni hufuata urefu mara urefu, kwa hiyo unapungua kwa karibu asilimia 30. Kwa tofali chache za stoo, hatujawahi kuona faida ya namna hiyo kwenye vitabu vyetu.

La pili ni ule ukuta wa mbele. Madirisha yote mawili yatazibwa kwa tofali zilizounganishwa na ukuta uliopo kwa nondo, na mlango utapunguzwa hadi mita moja na nusu. Zitabaki mita saba na nusu za ukuta. Milango mikubwa miwili itarudi ubavuni kama ilivyochorwa mwanzo, ikifungukia nje, na hilo linajibu swali la mzee aliyetuuliza kuhusu moto. Jiko liko kwenye jengo lake mbali na bwalo, na litabaki huko. Kuhusu mchwa, mbao zote ni zilizotiwa dawa na risiti zake tunazo.

Madirisha hayo mawili yalikuwa yameshaahidiwa. Familia zote mbili tumezifuata nyumbani kwao kabla ya leo, kwa sababu haikuwa sawa wasikie jambo hilo kwenye kipaza sauti. Familia moja imekubali mchango wake uende kwenye plaiwudi. Mama wa familia ya pili alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama dirisha lake linaweza kuhamia ubavu unaotazama ziwa, maana marehemu mumewe alipenda upande ule. Mhandisi amesema ubavuni panaruhusu, ila lisikaribie pembe. Litahamia.

Tunajua ugumu wa ombi letu. Anayetoa bati huliona kila anapopita barabarani akija likizo. Anayetoa mlango huona jina lake kwenye kibao. Boliti zikishafunikwa na plasta, na mikanda ikishajificha juu ya dari, hakuna atakayejua zimo. Sisi wenyewe, ambao kazi yetu ni kusoma kila mstari, tulizifuta kwa sababu hiyo hiyo: hazionekani. Kwa hiyo tumepanga mambo mawili. Kwanza, kila hatua ya kufunga na kupigilia itapigwa picha kabla ya kufunikwa, na picha zitatumwa kwa kila mchangiaji. Pili, fundi hatalipwa fedha za dari mpaka mhandisi apande ngazi, ahesabu misumari ya mbao atakazozichagua mwenyewe, na kusaini. Mbao zitakazokutwa na misumari pungufu au iliyozama zitapigwa upya kwa gharama ya fundi. Fundi ameshasaini makubaliano hayo. Alinung'unika kidogo, kisha akatuomba nakala ya mchoro kwa ajili ya nyumba yake anayoijenga kibanjani kwao.

Marumaru tumezisogeza awamu ya pili. Wafadhili wake wawili wameridhia, tunawashukuru. Wa tatu bado tunazungumza naye, na yumo humu ukumbini.

Bei za plaiwudi, mikanda, boliti, misumari, nondo na tofali za kuzibia ziko kwenye jedwali la ukurasa unaofuata, bei za Bukoba mjini na usafiri hadi shuleni. Mtu anaweza kuchangia ubao mmoja wa plaiwudi pamoja na misumari yake, au kenchi moja na mikanda yake minne. Kenchi ziko 21, na mpaka tunasimama hapa saba zimeshapata wenyewe. Boksi la viatu liko mezani karibu na mlango pamoja na mkanda mmoja wa mfano. Binti yetu mhandisi amekaa hapo na michoro, na atakuwepo mpaka chakula kitakapokwisha. Mwende mkalisukume.